Karatasi ya Kiti cha Nyuma

Jumamosi, 3 Oktoba 2015

Nimeliona! Kwa macho yangu haya! Pontiac la mwaka 1967, milango miwili, injini ya silinda nane, limelala ndani ya ghala la Bi. Leokadia Nowicki, maili nne nje ya Chesaning, katikati ya mahindi.

Kutu ipo, sikatai. Sakafu ya buti imeliwa mpaka unaiona ardhi. Matairi yote manne hayana upepo. Kiti cha mbele kimetobolewa na panya. Lakini umbo lile! Nilisimama mlangoni nikasahau kufunga mdomo.

Kimya cha ajabu mle ndani. Nje kulikuwa na upepo, mahindi yakikwaruzana. Ukivuka kizingiti tu, hakuna. Hata nzi hakuna. Nimeandika pembeni: ghala halivuji, hewa kavu, nzuri kwa chuma.

Vumbi la sakafuni lina alama za viatu. Nyingi! Viatu vya kazi, raba, hata vya kwendea kanisani. Zote zinaelekea kwenye gari. Hakuna hata moja inayorudi. Nilifurahi sana. Maana yake wanunuzi wamekuja wengi na hakuna aliyetoka na kitu.

Nikamuuliza Bi. Nowicki mumewe yuko wapi, maana mambo ya gari ni vizuri kuzungumza na mwanamume. Akasema Cas yumo ndani ya gari, anatafuta karatasi. Nikachungulia. Hapakuwa na mtu. Wajane ndivyo walivyo, hawapendi kukubali. Nikavua kofia kwa heshima.

Anataka dola elfu tisa. Nikakunja uso kitaalamu. Nikamwambia sinunui kitu kabla sijaiona hiyo karatasi. Kila mtu anayejua magari anajua: miaka ile kila gari lilipita kiwandani na karatasi yake, imeandikwa namba ya injini, giaboksi, rangi, vyote. Mafundi wakishaisoma waliichomeka kwenye springi za kiti cha nyuma, basi. Ukiipata na namba zikalingana, umeokota dhahabu. Usipoipata, umenunua mkweche. Mimi si mtoto.

Bi. Nowicki akatikisa kichwa. Akasema, "Hivyohivyo ndivyo mnavyosema wote, kijana." Nina miaka hamsini na tatu. Nilipenda kuitwa kijana.

Darlene, mke wangu, akauliza nilikuwa wapi. Nikasema nilikwenda kununua maboga. Akauliza maboga yako wapi.

Sikuwa nimefikiria mpaka hapo.

Jumapili, 4 Oktoba

Baada ya kanisa nimerudi Chesaning. Sababu rasmi: maboga.

Niandike ukweli hapa, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Uani kwetu kuna magari matatu chini ya turubai. Yote nitayatengeneza. Darlene amesema likiingia la nne, yeye anatoka. Hakupiga kelele. Alikuwa anakunja taulo. Anapokunja taulo huku akisema jambo, huwa hatanii.

Tena tarehe 17 tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Amekodi chumba kisiwani Mackinac. Kisiwa kile magari ni marufuku! Farasi na baiskeli tu! Amekichagua makusudi na wala hafichi.

Kwa hiyo nilikwenda kutazama tu. Saa nne asubuhi nikaingia kiti cha nyuma na tochi. Kiti kilikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi. Jua hilo, nikajiambia. Ghala halina dirisha, lakini jua lina njia zake.

Nikapenyeza mkono kwenye springi upande wa kulia. Vumbi, manyoya, njugu za panya. Dakika tano hivi. Nikatoka kunyoosha mgongo. Nje jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mahindi. Bi. Nowicki akasema ni saa kumi na moja jioni. Saa yangu ya mkononi ilisema saa nne na dakika tano.

Saa hii niliinunua kwa Duane Ostrander, jirani yangu. Nilijua tu ni mbovu.

Bi. Nowicki alikuwa ameleta chakula: pierogi, kama sambusa za kuchemsha, za viazi na vitunguu. Sahani tano. Akazipanga chini kuzunguka gari, akaondoka. Nikala moja kwa adabu. Nilipoinua kichwa, zile nne nyingine zilikuwa tupu. Panya wa Chesaning wana haraka.

Bi. Nowicki akarudi, akashusha bei mpaka elfu sita. Na sikusema neno! Nilinyamaza tu. Kumbe nina kipaji cha kupatana.

Maboga nimesahau tena.

Jumanne, 6 Oktoba

Balaa! Duane amejua!

Huyu Duane ana Pontiac la 1969 linalong'aa mpaka linaudhi. Kila kiangazi analipeleka kwenye maonyesho na kurudi na kikombe. Vikombe amevipanga dirishani, vinatazama jikoni kwetu. Mimi nakunywa kahawa yangu asubuhi nikitazamwa na vikombe kumi na vinne.

Leo akaegemea ua akicheka. Akaniuliza ghala la Nowicki nimelionaje. Nikasema ghala lipi. Akasema, "Acha hizo, Lyle. Una vumbi la ghala mpaka kwenye nyusi." Akasema atakwenda kesho na mtaimbo, na kiti atakitoa chote nje, karatasi ataitoa kwa dakika mbili, atarudi na gari juu ya trela nami nitakuwa bado napapasa springi kama daktari wa ng'ombe.

Nilimjibu kwa hadhi. Nilimwambia ana tumbo kubwa mno kuingia kiti cha nyuma. Si jibu zuri. Jibu zuri limenijia sasa hivi, lakini taa zake zimezimwa.

Darlene alikuwa dirishani, alisikia yote. Alipika nyama ya kusaga na viazi, akanipa kipande cha pembeni kilichokauka, ninachokipenda. Nilijisikia vibaya kwa dakika nzima.

Ijumaa, 9 Oktoba

Ushindi! Duane amekimbia!

Mkewe hajamwona tangu juzi. Anasema alikwenda Chesaning kutazama gari. Nikafika huko mbio. Lori lake lipo uwanjani kwa Bi. Nowicki, mlango wazi, funguo mahali pake, majani makavu yameanza kujaa kwenye kiti. Trela tupu nyuma. Mtaimbo umelala kwenye mlango wa ghala.

Nikamuuliza Bi. Nowicki Duane kaenda wapi. Akasema yumo ndani na Cas na wenzake. Nikachungulia. Hakuna mtu. Juu ya boneti kuna kikombe cha kahawa cha Duane, chenye picha ya bendera za mashindano. Nikakigusa. Kahawa ilikuwa inatoa moshi.

Nimelifikiria jambo hili kwa makini na nimepata maelezo. Duane aliliona gari, akajua hawezi kulimudu, akaona aibu, akaenda zake kwa miguu kupitia mahindini. Kahawa imekaa moto kwa sababu kikombe ni cha bei mbaya. Nimekichukua.

Alama mpya za viatu pale vumbini: miguu mipana, kisigino kimelika upande. Za Duane. Zinaingia. Moyo wangu ulicheza dansi.

Bi. Nowicki akaja na sahani. Safari hii sita. Akasema nikitaka, anifungashie pierogi nikale nyumbani na mke wangu, leo, sasa hivi. Akasema, "Nenda, kijana. Mahindi yanavunwa wiki ijayo, njia itakuwa na matope." Mbinu! Ananiogopesha nifanye haraka! Nikamwambia mimi sitishwi na matope. Akapumua, akashusha bei mpaka elfu mbili.

Naingia sasa. Dakika kumi.

Jumamosi, 10 Oktoba (nasahihisha: Jumatatu, 12 Oktoba)

Dakika kumi! Nitaapa mbele ya jaji!

Nimetoka na kukuta mahindi hayapo. Shamba lote limevunwa, tupu mpaka upeo wa macho. Na polisi wawili wa kaunti wakiwa wamesimama karibu na pikapu yangu. Mmoja akaniuliza nilikuwa wapi siku tatu. Nikasema kiti cha nyuma. Akamulika ndani ya gari, akammulika mwenzake, wakatazamana. Walikuwa wamelipekua gari lile mara mbili, walisema. Mara mbili halikuwa na mtu.

Polisi wa siku hizi hawajui kupekua.

Darlene alikuwa ananingoja kituo cha polisi. Hakunigombeza. Alinishika koti kwa mikono miwili, akaweka paji lake la uso kifuani kwangu, akakaa hivyo. Mimi nilisimama pale nikinuka panya, nisijue mikono niiweke wapi. Sipendi kumwona hivyo. Nikamwambia amejitia wasiwasi bure.

Kazini wamenifukuza. Vizuri, nitapata nafasi.

Sasa jambo kubwa. Nimepata karatasi! Si ile, nyingine. Upande wa kulia, ndani kabisa, nilishika kitu laini. Kimeandikwa kwa penseli: "Kulia nimemaliza. Hakuna. Jaribu kushoto. C. N., 1984." Cas Nowicki! Mtu wa kazi yule, amewawekea wenzake maelezo. Ingekuwa Duane angeficha.

Na lingine, naliandika ingawa si muhimu. Nikiwa nimezamisha mkono mpaka bega, nilikuta mkono mwingine mle. Mkubwa, una sugu, una pete ya ndoa. Ulikuwa unapapasa, kama wangu. Ukasimama. Wangu ukasimama. Nikasema samahani. Ukasogea kidogo, ukanipisha.

Kuna springi zina umbo la ajabu sana.

Ijumaa, 16 Oktoba

Kesho ndiyo kesho. Boti ya Mackinac inaondoka saa kumi alasiri, na barabara ni masaa matatu. Darlene amesema tunatoka nyumbani saa sita kamili mchana. Ameninyooshea shati la bluu. Amenunua viatu vya kutembelea, vyeupe, amevijaribu jikoni mara tatu mbele yangu. Nikasema vizuri. Vilikuwa vizuri kweli.

Nimefanya kosa la kumwambia. Nilisema kesho asubuhi napita Chesaning kidogo tu, upande wa kushoto umebaki, nikiipata karatasi nitaamua kununua au kutonunua na jambo litaisha, nitakwenda kisiwani na akili imetulia. Nilidhani nimelisema vizuri.

Alikaa kwenye ngazi. Akasema mke wa Duane amebandika picha ya mumewe kwenye kila nguzo ya umeme. Akasema yeye hajui mle ghalani mna nini na hataki kujua. Kisha akasema, nami nanakili neno kwa neno, "Miaka ishirini na mitano nakuchagua wewe kila nikiamka, Lyle. Kesho nichague mimi. Mara moja tu, halafu rudi kwenye kutu yako."

Nampenda. Niseme wazi, nampenda yule mwanamke kuliko kitu chochote chenye magurudumu. Ndiyo maana nataka jambo hili liishe.

Mpango: nitaamka saa kumi na mbili, yeye bado amelala. Nimechukua saa ya mezani yenye kengele ya kuamsha wafu. Nimechukua kamba futi sitini. Ncha moja kiunoni, nyingine kwenye bampa la pikapu. Tochi ina betri mpya. Saa tatu nimetoka, saa nne niko nyumbani, saa sita nimevaa shati la bluu. Mpango hauna tundu hata moja. Nimeupitia mara mbili.

Jumamosi, 17 Oktoba (nasahihisha: Alhamisi, 6 Juni 2024)

Betri mpya! Ndiyo wanazoziita mpya hizo! Tochi imezimika kabla sijamaliza robo ya upande wa kushoto. Kengele haikulia. Nikatoka kutafuta betri nyingine, nimekasirika.

Kamba ikanifuata nje, nyepesi, imeoza. Ncha ya pili haikuwa imefungwa kwenye kitu. Pikapu yangu haipo. Lori la Duane lipo, mti umeota katikati ya sehemu yake ya mizigo, mti wa kimo changu mara mbili. Mahindi mabichi kila upande, ya goti. Nikajiambia Oktoba ya mwaka huu ina joto.

Bi. Nowicki alikuwa kwenye kiti mlangoni, amesinyaa kwa uzee, amejikunja ndani ya shali. Alinitambua mara moja. Akaniambia tarehe. Akanionyesha gazeti, nikalisoma pande zote mbili kutafuta kosa. Akasema nilichukue gari bure, nilivute, nikalizamishe mtoni, yeye amechoka kupika.

Bure! Nilinyamaza tu na bei imefika bure! Nikinyamaza tena kidogo atanilipa.

Jamaa mmoja wa lori la maziwa akanipa lifti mpaka nyumbani. Nyumba imepakwa rangi. Vikombe vya Duane havipo dirishani. Nikagonga mlango wangu mwenyewe, maana ufunguo haukuingia.

Alifungua Darlene. Nywele zake nyeupe zote. Ana miwani. Aliweka kiganja kwenye shavu langu nililonyoa leo asubuhi, akakizungusha polepole kama anafuta kioo. Akasema sijazeeka hata siku moja. Nikamshukuru.

Akanisimulia kwa sauti ndogo. Siku ile alingoja mpaka saa sita, akanifuata Chesaning, akaikuta kamba inaingia kwenye mlango wa Pontiac, imekaza, na ndani hamna mtu. Aliivuta. Kitu upande wa pili kilimvuta kidogo, akasema, kama mtu anayesema subiri. Akaifungua kwenye pikapu, akaishika kwa mikono yake mpaka kiza kikaingia. Polisi ndio waliombandua. Kisiwani hajakwenda. Kila tarehe 17 ya Oktoba amenyoosha shati la bluu.

Nikatazama uani. Magari yangu matatu yapo, turubai ni mpya. Nikauliza kwa nini hakuyauza. Akasema alidhani nikirudi nitayaulizia.

Nililia. Naandika kwa sababu ni kweli. Nilimshika palepale mlangoni, sisi wawili tukalia, na nilimwambia kesho tunakwenda Mackinac hata kwa miguu. Niliapa. Nilimaanisha kila neno.

Akaingia jikoni kupika supu ya kuku, kwa kuwa alisema nimepoa kama jiwe. Mimi nikafungua droo ya jikoni kutafuta kitambaa nifute pua. Betri! Pakiti nzima, hazijafunguliwa!

Hapa ni lazima nieleze, mtu asidhani nilikurupuka. Kabla tochi haijazimika nilipata kikaratasi kingine kwenye springi. Mwandiko nautambua, ndiye aliyeniandikia risiti ya ile saa mbovu. Kinasema: "Kushoto hakuna kitu, Lyle. Rudi nyumbani, ndugu yangu. D. O." Ndugu yangu! Duane! Tangu lini? Mtu yule hajanipa ushauri mzuri hata siku moja. Kama anasema kushoto hakuna, basi kushoto ndiko iliko. Ametaka nitoke apate kuichukua peke yake. Na yumo mle muda huu, na anatafuta!

Nikamweleza Darlene. Nilidhani atapiga kelele. Akanitazama tu, kijiko mkononi, akasema, "Usivuke mlango huo, mpenzi. Nakuomba." Nikambusu kwenye nywele. Nikachukua funguo za gari lake kwenye msumari.

Naandika haya kwenye mlango wa ghala. Bi. Nowicki anatoka jikoni kwake na sinia. Sahani nane, sijui za nani. Kiti cha nyuma kinaonekana vizuri kutoka hapa, kimebonyea mahali kadhaa.

Ni dakika kumi tu. Nimemwambia Darlene asizime jiko, nitarudi kabla supu haijachemka.